Siku Magongo Yangu Yaliponikana

Wale mnaonifuata mnakumbuka kwamba wiki iliyopita mliniacha nimesimama. Nilikuwa katikati ya ua wa nyumba yetu hapa Freetown, mguu wa kushoto umefungwa chuma kutoka pajani hadi kisiginoni, mikono mitupu, nikingoja watu wapige makofi.

Siku ile hayakuja.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Yabom Kargbo. Polio ilinipitia nikiwa mtoto mchanga, ikaniachia mguu wa kulia na kuondoka na wa kushoto. Mume wangu, Mungu amtunze huko aliko asije akarudi, aliniacha kwa sababu mama yake aliota ndoto. Wenye nyumba wa mtaa wa Kissy wakanifukuza mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaangukia mikononi mwa walemavu wenzangu wa Yetu Wenyewe.

Hilo ndilo jina la nyumba. Ni bohari la zamani la serikali lililobaki ukiwa baada ya vita. Watu wa magongo na wa baiskeli za mkono waliingia, wakaligawa kwa mbao na mapazia, wakachagua mwenyekiti, wakajitungia katiba. Humo nilipewa chumba. Kina ukuta mmoja wa matofali na kuta tatu za mbao laini, na mvua ya Agosti ikipamba moto nalala nimekumbatia sufuria. Lakini ni changu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nitapandaje ngazi.

Tena ukionewa, huonewi peke yako. Kuna mwenye duka la vitambaa aliyemfukuza rafiki yangu Finda kwenye ngazi zake, akamwambia ombaomba huja Ijumaa. Finda hatembei, anajikokota kwa mikono, viganja vimevaa kandambili. Alikuwa amekwenda kununua jora la kitambaa cheupe, maana mimi na yeye tunachovya gara, vile vitambaa vya rangi ambavyo kila bibi harusi wa mji huu anavitaka. Jioni hiyo mtu mmoja aligonga gongo lake sakafuni, mwingine akamjibu, kisha nyumba nzima ikawa inagonga. Huo ndio mwito wetu. Tulikwenda tukamzunguka yule bwana dukani kwake, mtu asiingie wala asitoke, mpaka akabeba jora begani mwenyewe na kulileta kwetu akitabasamu kama mgonjwa wa jino.

Basi hao ndio watu wangu. Wakristo wao waliniombea Jumapili, Waislamu wao waliniombea Ijumaa, wote wakiomba Yabom apate kusimama. Mungu alipowasikia, wakamnunia.

Finda peke yake ndiye aliyefungua mdomo. Alinitazama kutoka chini, akainua shingo, akaishusha tena.

"Sasa nikitaka kukusengenya," akasema, "nitazungumza na wewe au na goti lako?"

Kesho yake niliitwa na mwenyekiti.

Pa Santigie, na Pa kwetu ni mzee, ni mtu wa tai. Ana baiskeli ya mkono yenye honi ya gari, na akizungumza utadhani anasoma taarifa ya habari. Alianza kwa kumshukuru Mungu. Akamshukuru tena, akawashukuru madaktari, akalishukuru shirika lililonipa chuma. Nilijua hapo hapo kwamba nimekwisha, maana mtu akishukuru sana namna ile ujue kuna kisu chini ya meza.

Akafika kwenye katiba. Anayetembea kwa miguu yake hana chumba Yetu Wenyewe.

"Pa, mimi natembea kwa chuma."

"Chuma kiko kwenye mguu wa nani?"

Nikamwambia usiku nikikivua mimi ni yule yule Yabom, natambaa kwenda chooni kama zamani.

"Usiku," akajibu, "hata katiba imelala."

Nisimsingizie, sheria ile ilikuwa na sababu yake. Miaka ya mwanzo baada ya vita walikuja watu wenye afya na viungo vyao vyote, wanachechemea kwa madaha, wanalia, wanapewa vyumba. Wiki ya pili unawaona wanacheza mpira. Ndipo nyumba ikaamua kwamba anayetembea atoke, asibembelezwe. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mwenzetu atakwenda hospitali kiwete na kurudi na kosa la kutembea.

Pa Santigie akaniambia mkutano ni Jumapili, watu wataamua kwa kura, na yeye binafsi hana neno na mimi. Hao wasio na neno na wewe ndio wa kuogopa.

Hapa lazima niwaeleze kura zetu zinavyopigwa, la sivyo hamtaelewa nilivyojichimbia kaburi.

Yetu Wenyewe hatunyooshi mikono. Mikono yetu ina kazi nyingine. Tunainua magongo. Mwenye baiskeli anainua fimbo yake, Finda anainua kandambili, na asiye na cha kuinua huyo si mwanachama, ni mgeni. Na gongo kwetu haliuzwi wala halitupwi. Siku usipolihitaji unampa mwenzako aliye chini.

Sasa nani alikuwa halihitaji tena? Siku ile ile niliyosimama, kabla hata sijakaa, nilimpa magongo yangu Momoh. Alikuwa amekuja kutoka Makeni, akitambaa kwenye matope miezi mingi akingoja zamu yake. Magongo yenyewe mazuri, nimeyazungushia kitambaa chekundu cha gara pale kwapa linapokaa. Momoh alilia, akanishika mkono akaubusu, akaniambia, "Dada, iko siku nitakulipa." Niliona haya, nikamwambia nenda zako huko.

Kumbukeni neno lake hilo. Mimi nililisahau.

Nikasema moyoni, kwani mji huu una nyumba moja? Mimi sasa nasimama. Nikavaa gauni refu, nikaenda kutafuta chumba.

Nilikipata kwa Mama Decker, mjane mmoja mwenye nyumba ya mbao yenye baraza, anayekwenda kanisani na kofia kubwa kuliko mwavuli. Alinikuta nimesimama barazani kwake, akalipenda gauni langu, akapenda na sauti yangu. Akasema mtu mtaratibu kama mimi ndiye aliyekuwa akimwombea kwa Mungu, si vijana wenye redio. Tukakubaliana. Akaniletea maji ya tangawizi, akaniambia keti mwanangu.

Nikaketi. Na ili niketi lazima nifungue komeo.

Chuma changu kina komeo gotini. Likiwa chini mguu umenyooka kama fimbo, ukilivuta juu goti linakunjika. Na likivutwa linalia, tena kwa sauti ambayo fundi wake angeweza kuipunguza kama angekuwa na huruma na wanawake wanaotafuta vyumba.

Mama Decker akalitazama gauni langu upya. Halafu akakumbuka. Ana mpwa wake anarudi kutoka London, chumba ni cha mpwa. Mpwa huyo dakika moja nyuma alikuwa hajazaliwa.

"Si kwamba nina neno na nyinyi," akasema, na mimi nikajua huyu na Pa Santigie wamesoma shule moja. "Lakini akiingia mmoja wenu, kesho nimejaa vibaiskeli mpaka jikoni."

Nikanywa maji yake ya tangawizi mpaka mwisho. Nilikuwa nimeyalipia.

Nikarudi nyumbani chuma kikilia kwacha-kwacha njia nzima. Kwa Mama Decker mimi nilikuwa kiwete mno. Kwa Pa Santigie nilikuwa mzima mno. Labda palikuwa na mahali katikati, kwenye daraja hivi, ambapo ningeruhusiwa kuishi.

Jumapili ikafika. Mkutano ulifanyika uani, pembeni ya vyungu vyetu vya rangi, na kila mtu alivaa kama anakwenda kumzika mtu wa maana. Pa Santigie alisoma kifungu. Akasema jambo hili linamuumiza. Akasema pia kwamba watu wapo barazani wanalala kwenye maji na chumba kimekaliwa na mtu anayesimama. Finda akaomba kusema, akauliza kama mwenyekiti akipewa meno ya bandia atakatazwa kula nyama. Watu wakacheka, nami nikapumua kidogo, nikifikiri kwamba mtu aliyecheka hawezi kukufukuza. Kumbe anaweza, tena kwa roho safi.

Wanaotaka Yabom abaki, inua. Yakainuka mengi kuliko nilivyotarajia, na kandambili za Finda, zote mbili, akaambiwa ashushe moja.

Wanaotaka Yabom atoke, inua. Yakainuka mengi pia. Pa Santigie akahesabu kwa kidole, akarudia, uso ukamlegea. Kura zilikuwa sawasawa.

Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango wa bafu, gongo moja likapanda juu polepole. Lilikuwa na kitambaa chekundu cha gara.

Nikalitazama lile gongo. Kwapa langu lilikuwa limelilainisha miaka yote ile. Na mimi sikuwa na cha kuinua, maana chuma hakihesabiki, kimo mguuni. Nilitolewa kwa gongo moja, nalo ni langu.

Iliniuma. Sitajifanya jasiri hapa gazetini. Nilikaa pale uani watu wakinipita, nikingoja labda mtu mmoja atagonga sakafu kama tulivyomgongea Finda, kuonyesha kwamba mwenzao kaonewa. Hakugonga mtu. Nani atagonga dhidi ya nyumba yake mwenyewe?

Momoh alinifuata. Alikuja juu ya magongo yangu, hana hata pa kuangalia. Akakiri kwamba mwenyekiti kamwahidi chumba changu.

"Dada, mimi nalala pale maji yanapopita," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha mkoa mzima, na hata moja halikutoka. Nilipajua pale anapolala. Nikampa kisogo, nikaenda kufunga mizigo.

Nilipewa mpaka mwisho wa wiki. Jumatatu nilikuwa nakunja pazia langu niliposikia honi mlangoni. Pa Santigie, na mapajani amepakata sahani ya wali kwa kisamvu. Juu ya kisamvu kipande cha samaki. Jamani, samaki. Tangu lini mtu aliyefukuzwa akaletewa samaki?

Akaanza kunivika kilemba cha ukoka. Akasema mimi ni nguzo, mimi ni mfano, watoto wa kike wa nyumba hii wananitazama mimi. Nikala samaki kwanza ndipo nikamuuliza anataka nini.

Kumbe shirika lililonipa chuma limeleta habari. Alhamisi wageni wake wanakuja kutembelea Yetu Wenyewe, na wanataka kumwona yule mama anayetembea. Wakifurahi, huenda wakaezeka paa. Sasa mama anayetembea akiwa amefukuzwa kwa kutembea, mwenyekiti atawaeleza nini?

"Katiba je?" nikamuuliza.

"Katiba ni ya watu, Yabom. Watu wakikaa wanazungumza."

Nikamwita Finda aje awe shahidi. Pa Santigie akaapa mbele yake kwamba wageni wakiondoka tu kura itarudiwa, na safari hii yeye mwenyewe atainua fimbo kwa ajili yangu. Momoh atatafutiwa pengine. Nikafungua mizigo. Nilimwona Momoh barazani akinitazama ninavyotundika pazia upya. Moyo wangu haukuwa na furaha niliyoitegemea.

Alhamisi mvua ilituhurumia. Tulivaa sare ya gara ya buluu, kazi ya mikono yangu na ya Finda. Wenye baiskeli walipangwa upande wa lango, waimbaji upande wa vyungu, na Momoh akiwa miongoni mwa waimbaji kwa sababu ana sauti nzuri, Mungu ana mambo yake. Mimi niliwekwa langoni. Kazi yangu ilikuwa kutembea kutoka hapo hadi barazani, mbele ya wageni, bila gongo wala mtu.

Wageni walikuja na magari meupe. Kiongozi wao ni mwenyeji, Bwana Coker, kijana mwenye suti na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga ua kama wetu. Alitusalimu kwa kuinama, kila mmoja, akiongea polepole na kwa sauti kubwa kana kwamba polio huingia masikioni.

Kisha akamvuta Pa Santigie pembeni, na pembeni kwenyewe ni pale nilipokuwa nimesimama. Mtu akisimama kwa chuma wengine humwona kama mlingoti, wanazungumza tu mbele yake.

Bwana Coker alikuwa na zawadi. Alisema serikali inalitaka bohari lake, na kwa muda mrefu shirika limekuwa likiiomba isubiri, kwa kuwa walemavu hawana uwezo wa kuishi mitaani kama watu wengine. Lakini sasa mambo yamebadilika. Vyuma vinafanya kazi. Leo akimwona mama huyu akitembea kutoka langoni hadi barazani, atatia saini kwamba Yetu Wenyewe imemaliza kazi yake, na wakazi wote watarudishwa kwenye jamii.

"Kwenye jamii," akarudia, akamshika Pa Santigie bega. "Hongera, mzee."

Jamii yenyewe ndiyo Mama Decker na mpwa wake wa London. Nilitaka kumwambia Bwana Coker hivyo, lakini tayari alikuwa anaelekea barazani kuketi kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa.

Pa Santigie alibaki pale. Tai yake ilikuwa imekwenda upande. Akasogeza baiskeli mpaka gurudumu likagusa kiatu changu.

"Yabom," akasema. "Anguka."

Nikadhani sikusikia. Akarudia.

"Jumapili mlinifukuza kwa kusimama," nikamwambia. "Leo Alhamisi mnaniomba nianguke. Pa, nyumba hii inataka nini na mguu wangu?"

"Najua. Na ukianguka watasema chuma hakikukufaa, watakuvua wampe mwingine. Hilo nalo nalijua." Sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemtoka, imebaki ya mzee tu. "Lakini nyumba itabaki. Watu hawa wote, Yabom. Niwapeleke wapi?"

Neno lilishaanza kupita sikio kwa sikio kwenye mstari wa baiskeli. Nikaona macho yakinigeukia moja baada ya jingine. Wale wale walioniombea nisimame, sasa wananiombea nianguke, na kwa bidii zaidi.

Finda alikuwa chini karibu na lango. Nikamuuliza yeye anasemaje.

"Mimi sijawahi kusimama," akasema, "sasa nitamshaurije mtu kuanguka?" Akazitazama kandambili zake. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu kama Finda, "Lakini mimi nitalala wapi?"

Barazani Bwana Coker akapiga makofi mara moja. Waimbaji wakaanza wimbo. Nikaanza kutembea.

Niseme ukweli, nilitembea vizuri. Sijawahi kutembea vile kabla wala baada ya hapo. Chuma kilinyamaza, mguu ulikwenda nilikoutuma, na upepo uliingia chini ya gauni langu la buluu, nikajiona mrefu. Nilitaka kwenda hivyo hivyo, nipite baraza, nipite Bwana Coker na kiti chake, nitoke upande wa pili wa mji nikitembea. Kuupata mguu ule kulikuwa kumenichukua maisha yangu yote.

Nikafika kwenye vyungu. Nikamwona Finda akilini, kwenye ngazi za Mama Decker, akitajiwa mpwa wa London. Nikateremsha mkono kama mtu anayeshika gauni lisiburuzike, nikalipata komeo. Nikalivuta.

Goti likakunjika. Nikaenda chini, nikamshukuru Mungu kwamba itauma, maana maumivu yangenipa sababu ya kulia.

Sikufika chini.

Nimewaambia neno lilipita upande wa baiskeli. Upande wa waimbaji halikufika. Momoh aliniona naanguka, yule mtu aliyeninyang'anya chumba kwa gongo langu mwenyewe, na hakuwaza mara mbili. Akayaachia magongo yote mawili, akajitupa, akanidaka kiunoni. Mguu wangu ukanyooka, komeo likashuka lenyewe na kujifunga. Yeye bila magongo hawezi kusimama, na mimi nisingesimama bila yeye, lakini tulivyokuwa tumeegemeana pale, kifua kwa kifua, tukitetemeka, hakuna aliyeanguka.

Nikajaribu kumsukuma. Akanikaza zaidi.

"Tulia, dada," akaninong'oneza sikioni, machozi yanamtoka. "Leo nimekulipa."

Barazani wageni walikuwa wamesimama. Wanapiga makofi, jamani, yale makofi niliyoyangoja tangu siku ya kwanza, yalikuja yote kwa pamoja. Bwana Coker alikuwa anafuta macho kwa kitambaa. Akashuka ngazi mbio na viatu vyake, akatuzunguka mara mbili, akatutazama chini kuhakikisha kweli hatuna kitu mikononi.

"Wawili," akasema. "Nimekuja kuona mmoja, nimeona wawili."

Kisha akainama kwenye matope. Akaokota magongo yenye kitambaa chekundu, akayapangusa kwa uangalifu, akamwita dereva wake na kumkabidhi ayapeleke garini. Akasema hawa hawayahitaji tena.

Nilimwona Pa Santigie langoni. Hakuwa akimtazama Bwana Coker. Alikuwa akinitazama mimi, na mikono yangu iliyomshika Momoh. Na wote waliolisikia lile neno walikuwa wakinitazama vivyo hivyo. Wao walichokiona ni mwanamke aliyeombwa aanguke, akasimama, kifuani mwa mwanamume aliyeahidiwa chumba chake.

Nikafungua mdomo niwaeleze. Hapo ndipo niliposikia.

Ulikuwa mlio mdogo, wa mpira kwenye saruji. Kandambili za Finda, moja kisha nyingine. Gongo la mtu likamjibu. Likajibu la pili, fimbo za wenye baiskeli zikaingia, ua mzima ukawa unagonga na waimbaji wakanyamaza. Bwana Coker akatabasamu, akadhani ni ngoma, akaanza kutikisa kichwa kuufuata mdundo.

Wakaanza kusogea. Baiskeli mbili zikafunga lango, nyingine zikafunga njia ya baraza, na wa magongo wakajaza nafasi zilizobaki, mpaka mtu asiingie wala asitoke. Katikati ya duara tulibaki watatu, mimi na Momoh tumeshikana, na Bwana Coker na viatu vyake. Nilimtafuta Finda usoni anionyeshe kwa jicho tu, lakini Finda alikuwa ameinamisha kichwa anagonga, na mimi sikujua wamemzingira nani, mimi au Bwana Coker.